Rivyu ya wodi ya watoto hapa Tanga: ndani nyota nne, getini nyota moja

Naanza na jibu kabisa maana najua wengi hamfiki mwisho: mtoto wako akiandikiwa kulazwa na ukaambiwa ni wodi hii, kubali, usianze kutafuta gari ya Dar usiku wa manane. Jina la hospitali silitaji kwa sababu humu kuna lawama pia na sitaki mtu aitwe ofisini kwa ajili ya maneno yangu. Ni ya serikali, ipo Tanga, imetosha.

Alafu hii sio rivyu ya majengo, majengo mtajionea wenyewe. Mi naongelea jambo moja tu, hospitali inamchukuliaje mtu anayeuguza mtoto. Maana kwetu huku ndugu kuwepo wodini haijawahi kuwa shida, mama ndo anaogesha, ndo analisha, ndo anafua, ndo anakimbizana na kichupa cha maabara, ndo anakesha kaikodolea macho dripu isije ikaisha. Kazi zote anapewa. Maelezo ndo hapewi. Ukiuliza unaambiwa subiri dokta, dokta akija anaandika kwenye faili anaondoka, na faili lenyewe ukilishika unagombezwa kama umeiba. Sasa hii wodi hapo wamepabadilisha, sio kila kitu na sio kila zamu, lakini wamepabadilisha.

Kilichotupeleka ni malaria kali. Binti yetu ana miaka miwili na kidogo, homa ilimshika mchana, jioni akaanza kutapika kila anachopewa, magharibi degedege. Mahali pa kwanza tulipopita, na penyewe sipataji, waifu alimwambia yule mhudumu kwamba huyu mtoto leo halii kilio chake, na macho yake siyaelewi. Akajibiwa "kwani mama wewe ndo dokta?" Panado, mkalale, mrudi asubuhi. Mama mkwe ndo alikataa, mama mkwe wangu ni mtu wa Muheza kalea wajukuu mpaka basi, akasema hapa halali mtu, tafuteni bajaji. Tukatoka Makorora hivo hivo.

Kufika hospitali, tofauti ya kwanza niliyoiona ni maswali. Nesi wa mapokezi ya dharura hakuanza na kadi wala jina la baba, alianza na waifu: anakunywa au anagoma? Anatapika kila kitu au anabakiza? Degedege mara ngapi, na lilikaa muda gani? Tangu saa ngapi amelegea hivi? Yale manne ndo wanayaita dalili za hatari, kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, kulegea au kupoteza fahamu, na ukiwa nayo hata moja hupangi foleni. Mwenye majibu ya maswali yote manne ni mama tu, hakuna mashine ya kupima kwamba mtoto leo kakataa uji. Waifu akaongeza lile la kilio, yule nesi akaliandika. Kuandikwa tu ndugu zangu. Waifu alishangaa zaidi ya alivyoshangaa kwa dawa.

Wakamtoboa kidole, wakapima malaria na sukari palepale, sukari ilikuwa imeshuka, wakampa sukari ya mshipa haraka na wakaeleza kwamba malaria kali kwa mtoto mdogo hushusha sukari na kwamba ule ulegevu mwingine unatokana na hiyo. Baada ya muda akafungua macho akataka maji.

Sasa kanula, kile kimrija kinachobaki kwenye mshipa cha kupitishia dawa na dripu. Mliouguza mnajua kipengele cha kanula, sehemu nyingi mama unaambiwa toka nje, mlango unafungwa, unabaki kusikia mtoto anapiga mayowe anakuita na we uko koridoni umeshika ndala za mtoto. Hapa nesi alimwambia waifu, mama kaa hapa, mpakate, mshike mkono huu hivi, muongeleshe asiangalie sindano, na kama unahisi kizunguzungu sema utoke, sio lazima ukae. Akakaa, akamuimbia, na waifu kuimba hajui kabisa lakini mtoto hakujali. Mara ya pili ikaingia. Mama mkwe hakuafiki, yeye anaona mama hatakiwi kuona mwanawe anachomwa, roho inaumia bure. Nadhani kila mtu aulizwe tu, anayeweza akae asiyeweza atoke, sio wote kufukuzwa kwa mkumbo.

Alafu kikaja kile kilichonifanya nitoe nyota nne. Dokta kijana, nadhani intani, yaani dokta aliye kwenye mafunzo ya vitendo, akachukua karatasi akachora mistari akaandika kwa Kiswahili kabisa: sindano ya malaria, ya kwanza saa nne usiku, ya pili kesho saa nne asubuhi, ya tatu kesho saa nne usiku. Akaibandika kwa plasta juu ya kitanda. Akasema hii sindano inaitwa atesuneti, inachomwa mara tatu kwa masaa 24 ya kwanza, asipungukiwe hata moja hata akionekana amechangamka, na akishaweza kumeza vizuri baada ya hizo tatu ndo tunahamia dawa mseto ya vidonge siku tatu. Akamgeukia waifu akamwambia, mama wewe unaijua hii ratiba kama mimi sasa, saa ikipita hujamuona mtu, tufuate.

Mama mkwe akauliza na kwinini je? Maana enzi zake mtoto akilazwa na malaria ni dripu ya kwinini, masikio yanapiga kengele wiki nzima. Dokta akacheka akasema bibi hiyo tumeiweka pembeni, na akatuambia kitu ambacho sikuwa nakijua kabisa, kwamba utafiti mkubwa uliofanya nchi nyingi zihame kutoka kwinini kwenda atesuneti kwa watoto ulitoka mwaka 2010, ulichukua watoto zaidi ya 5,400 kwenye nchi 9 za Afrika, na moja ya hospitali zilizoshiriki ni Teule ya Muheza. Hapo hapo Muheza! Vifo vilipungua kwa karibu robo kulinganisha na kwinini. Mama mkwe akajaa, akasema kumbe sisi ndo tumewafundisha. Nikawaza wale wamama wa Muheza waliokaa na watoto wao mahututi wakakubali kuingizwa kwenye utafiti, wengi wao hata hawajui kwamba walichangia dawa ya dunia nzima.

Basi bwana, usiku wa pili, hapa nasimulia nilivyosimuliwa na waifu kwa simu maana mimi nilikuwa nje ya geti na habari ya geti inakuja. Wodi imejaa, nesi wa zamu ni wawili, mmoja yuko na mtoto aliyewekwa oksijeni hali mbaya. Saa nne ikafika, ikapita. Sindano ya tatu haijaja. Kwenye wodi nyingine ninazozijua mama ananyamaza, anaogopa ataitwa mjuaji na mtoto wake atasahaulika zaidi, kwa hiyo anasubiri mpaka asubuhi na asubuhi anaulizwa kwanini hakusema. Waifu akaenda na karatasi yake mkononi, akasema sista samahani, mwanangu ana sindano ya saa nne. Akajibiwa, "Ahsante mama, nakuja, nimalize na huyu." Na akaja. Haikuchukua muda. Hakuna aliyenuna, na asubuhi hakuna aliyemsema. Ile karatasi gharama yake haifiki hata shilingi mia, na ndo iliyomfanya asipungukiwe sindano.

Damu nayo. HB, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilishuka, wakasema anahitaji kuongezewa, na hawakusema tu "mkatafute damu". Walieleza kwanini, malaria inavunja chembe za damu na yeye anahema haraka kwa sababu damu imepungua. Chupa ilipokuja manesi wawili walisimama pamoja wakasoma namba na kundi, wakamwambia waifu atamke jina la mtoto lote mpaka la babu, wakalinganisha na faili. Kisha wakamwambia vitu vya kuangalia: akitetemeka, akipata vipele, akianza kuhema kwa shida, homa ikipanda ghafla, piga kelele hapohapo usisubiri. Mimi na shemeji tukaenda kuchangia kufidia benki ya damu, tuliombwa hatukulazimishwa, na nasema wazi damu haiuzwi, mtu akikuomba hela ya damu hospitali ya serikali huyo ni tapeli, mripoti.

Raundi ya asubuhi. Zamani raundi ikifika mlinzi anapita na fimbo anatoa watu wote nje, wodi inabaki na watoto wanalia na madokta wanauliza hewa, "huyu alikula jana?" Sasa hivi anayeuguza anabaki pembeni ya kitanda, mmoja kwa kila mtoto. Hapa nina malalamiko kidogo: yule mkubwa wao anapokuja wanaongea Kiingereza mwanzo mwisho mtoto akiwa katikati, waifu anabaki kusoma nyuso zao, akikunja uso mmoja yeye presha inapanda. Wakiondoka ndo intani anarudi kutafsiri, na siku nyingine harudi. Kama mnaongea mambo ya kusomeana sawa, lakini dakika moja ya mwisho geuka umwambie mama leo tunafanya hivi na hivi, una swali? Dakika moja tu. Siku waliyomuuliza waifu kama ana swali alikuwa nalo la maana, mtoto hajakojoa tangu alfajiri, na hicho kilikuwa hakimo kwenye faili.

Kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja katoka upande wa Mkinga, mtoto wake ana utapiamlo mkali. Hao wanapewa maziwa maalum, yanaitwa F-75, kidogo kidogo kila baada ya masaa mawili au matatu, usiku na mchana, kwa kikombe, kwa kijiko, kwa kubembeleza. Nani ataamka kila masaa matatu kulisha mtoto ambaye hana hamu? Nesi wawili wodi nzima? Ni mama. Walimfundisha kupima, kuandika kwenye fomu kiasi alichokunywa na alichotapika, na kwa kuwa kuandika kulikuwa kunamsumbua wakamwekea alama za kuchora, kikombe kizima, nusu, robo. Nimeipenda sana hiyo. Mtu hajasoma lakini fomu yake imejaa sahihi kuliko za wasomi. Siku tunaondoka mtoto alikuwa ameanza kung'ang'ania kikombe mwenyewe.

Na kila asubuhi baada ya usafi nesi mmoja anakusanya wamama kwenye ile baraza, dakika chache, anafundisha. Siku moja ORS na zinki, kwamba mtoto wa zaidi ya miezi sita mwenye kuhara apewe zinki siku 10 mpaka 14 hata kuhara kukikata, siku nyingine dalili za hatari, siku nyingine uji. Kwenye uji mjadala ulikuwa mkali, kila mama ana uji wake, ukitaka kugombanisha wanawake wa Tanga waulize uji wa lishe unawekwa nini. Nesi aliwaacha waongee kwanza ndo akarekebisha. Kosa lake la huo ufundishaji, akina baba hatumo.

Haya, geti.

Hapa ndo nyota zinapopungua na sitapunguza maneno. Utaratibu ni mtu mmoja kwa mtoto mmoja, ana kadi, wengine mtaona kwa saa maalum asubuhi, mchana na jioni. Sawa, naelewa, wodi ndogo, wagonjwa wengi, na ndugu zetu tukiruhusiwa tutakuja kijiji kizima na hotpoti. Usiku wanaume marufuku kwa sababu wamama wanalala humo, wananyonyesha, wamefunga khanga moja. Hilo pia naelewa na dada yangu angekuwa humo ningetaka hivohivo. Lakini sheria ikishaingia mdomoni mwa mlinzi inakuwa kitu kingine. Mlinzi wa zamu moja ukimpa salamu nzuri na kitu kidogo geti linafunguka lenyewe, ukikosa unaambiwa "baba unataka nini humu, kwani we unanyonyesha?" watu wanacheka.

Kulikuwa na kaka mmoja katoka Pangani, mkewe kajifungua yuko wodi ya wazazi hali yake sio nzuri, mtoto wao mkubwa kalazwa wodi ya watoto. Ndugu wa kike hawana hapa mjini. Akaambiwa usiku huwezi kulala humu, tafuta mwanamke. Amtoe wapi mwanamke saa tatu usiku, Ngamiani barabara ya ngapi? Mwisho bibi mmoja aliyekuwa anauguza mjukuu wake akajitolea kumtazamia, na huyo kaka alilala nje kwenye benchi pamoja na mimi anaamka kila saa kwenda kuchungulia dirishani. Jamani hata pazia. Pembe moja ya wodi, vitanda viwili, pazia, wanaume waliofiwa au wenye wake wagonjwa wakae hapo. Mtoto wa yule kaka alikuwa hajui mtu yeyote humo ndani.

Pale benchini usiku ni mrefu kwa hiyo nikawa nasoma kwenye simu, na nikakuta kitu cha ajabu, kumbe wenzetu Uingereza walipitia haya haya mabaya kuliko sisi. Mpaka miaka ya 1950 huko kuna hospitali zilikuwa zinamruhusu mzazi kumuona mtoto wake masaa machache kwa wiki, nyingine hata hazimruhusu kabisa mwanzoni. Sababu? Eti mzazi akija mtoto analia, akiondoka analia zaidi, bora asije, mtoto "atatulia". Mwaka 1952 mtu mmoja anaitwa James Robertson akaingia na kamera akapiga filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa bila mama yake, watu wakaona kwamba kule "kutulia" ni mtoto amekata tamaa. Madokta wengi walimpinga. Mwaka 1959 kamati ya serikali iliyoongozwa na daktari wa upasuaji Harry Platt ikaandika ripoti kwamba mzazi aruhusiwe muda wowote na mama wa mtoto mdogo alazwe pamoja naye, na hata baada ya ripoti ilibidi wazazi waunde chama mwaka 1961 kusukuma hospitali zitekeleze. Wakati huko Newcastle dokta mmoja, James Spence, alikuwa analaza mama na mtoto pamoja tangu miaka ya 1920.

Yaani wao walipigania kuingia mlangoni. Wamama zetu mlangoni walikuwa wameshaingia muda mrefu, kwa sababu nesi hawatoshi na mtu wa kulisha mtoto hayupo. Kwetu ugomvi uliobaki ni kuambiwa kinachoendelea, na baba naye kuhesabiwa kuwa ni mzazi.

Wodi ya watoto njiti ipo jengo la jirani, sikuingia ila mke wa shemeji yangu alikaa humo kipindi kingine, na huko nasikia wameenda mbali zaidi. Mama anamfunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, kangaruu, jambo lililoanzia Bogotá huko Kolombia mwaka 1978 kwa sababu mashine za kupasha joto zilikuwa hazitoshi. Lakini hata baada ya hapo, kwa miaka mingi mtoto mdogo kabisa alikuwa anawekwa kwanza kwenye mashine mpaka hali itulie ndo mama anapewa. Mwaka 2021 ukatoka utafiti wa hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, watoto wenye uzito chini ya kilo 1.8, waliowekwa kifuani mapema bila kusubiri vifo vyao vilipungua kwa asilimia 25, na ili hilo liwezekane ilibidi kitanda cha mama kiingizwe ndani ya chumba cha watoto mahututi. Yaani mama akageuka kuwa sehemu ya vifaa. Na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likasema ndo iwe hivyo kila mahali. Na shemeji naye alipewa mtoto kifuani mchana, anajisifia hilo mpaka leo, kila harusi lazima alisimulie.

Kwa hiyo akina baba wa njiti wanaingia, akina baba wa wodi kubwa hatuingii, hospitali moja. Uongozi mkisoma hapa, mtatue.

Ninachokitaka kingine ni namba ya kupiga. Uingereza kuna binti wa miaka 13, Martha Mills, alifariki mwaka 2021 hospitalini, wazazi wake walikuwa wanaona hali inazidi kuwa mbaya na hawakusikilizwa, na mahakama ya uchunguzi ikasema yaelekea angepona kama angehamishiwa chumba cha mahututi mapema. Mama yake akapambana, kuanzia 2024 wakaanza utaratibu unaitwa kwa jina la Martha, familia ikiona mgonjwa anazidiwa na hawasikilizwi wana namba ya kuita timu nyingine ije imwangalie upya, usiku au mchana. Hapa kwetu kwenye ukuta wa wodi kuna namba ya simu ya sista mkuu imeandikwa kwa maka peni, ambayo ni hatua, nampongeza aliyeiandika, ila usiku inaita tu. Na kuna sanduku la maoni lina kufuli lililoshika kutu, nadhani maoni ya mwisho yaliyotolewa humo yalikuwa ya kuomba funguo.

Mengine haraka haraka. Kipindi cha mvua za masika malaria inapanda na vitanda havitoshi, watoto wawili kitanda kimoja ni kawaida, mama analala chini kwenye mkeka. Chandarua zipo lakini baadhi zimetoboka, na wodi imejaa watoto wa malaria, hapo mtanisaidia kuelewa. Choo cha wanaouguza, jioni safi, asubuhi usiingie. Sehemu ya kufulia ipo, kamba za kuanikia ni chache na khanga zinapotea. Chakula cha hospitali mtoto anapata uji, mama anajitegemea, pale nje kuna wamama wanauza maharage, wali na chai ya maziwa bei ya kawaida. Malipo: chini ya miaka mitano matibabu ni bure kwa sera ya serikali na kweli hatukulipa kitanda wala dokta, ila dawa moja na kipimo kimoja vikawa "havipo dirishani" tukanunua nje. Kwa hiyo bure ila uwe na akiba. Wenye bima mje na kadi, kuna dirisha lao.

Siku ya kuruhusiwa hawakututupia karatasi. Dokta alikaa, mimi nikaitwa ndani rasmi kwa mara ya kwanza, akasema baba na wewe usikie maana nyumbani mko wawili. Dawa mseto dozi sita, asubuhi na jioni siku tatu, ila dozi ya pili ni baada ya masaa manane kutoka ile ya kwanza, apewe na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo ndo inafanya kazi vizuri. Akamwambia waifu, hebu nirudishie ulivyoelewa, akarudia, akarekebishwa hapo kwenye masaa manane. Na kuna jambo ambalo kwingine sijawahi kusikia wakiwaambia watu: baada ya sindano za atesuneti, kuanzia kama wiki moja hivi mpaka wiki nne damu inaweza kushuka tena ghafla kwa baadhi ya wagonjwa hata malaria ikiwa imeisha, kwa hiyo turudi kupima HB, na tukiona mkojo umekuwa mweusi kama kokakola, au amepauka viganja, au macho yamekuwa ya njano, tusisubiri siku ya kliniki. Akatuonyesha jinsi ya kuangalia viganja, akaweka kiganja cha mtoto juu ya cha waifu. Tulirudi, HB ilikuwa imepanda, alhamdulillah.

Nilitaka kumpa soda akakataa, akasema kama una la kushukuru liandike. Ndo hili.

Kwa mnaokwenda: beba kadi ya kliniki ya mtoto ina chanjo zote na uzito, wanaiangalia kweli. Beba daftari na peni na omba ratiba ya dawa iandikwe, zamu nyingine hawaandiki mpaka uombe, omba kwa adabu tu "dokta naomba uniandikie na mimi". Khanga tatu au nne, mkeka, beseni, kikombe na kijiko cha mtoto, chupa ya chai. Mwenye kadi ya geti awe mtu anayemjua mtoto tabia zake, sio anayejua kupika. Wanaume njooni na sweta, benchi la nje lina upepo wa baharini. Chaja mbebe ya waya mrefu, soketi inayofanya kazi ni moja, iko nyuma ya mlango wa stoo ya mashuka, na foleni yake inaanza saa mbili usiku.